Maua ya Chyulu yalivyomliwaza Joy Adamson baada ya kupoteza mimba

WASAFIRI wanaotoka Kitengela kuelekea Namanga hupita Kisaju bila kusimama. Barabara imenyooka, upepo hauna kizuizi, na mbuga iliyokuwa malisho ya Wamaasai wa Kaputiei imekatwakatwa kwa nyua za waya na nyumba za mawe. Katika ukanda huo wa Kitengela na Isinya, macho hukutana na mashamba ya maua yaliyofunikwa kwa plastiki, yanakokuzwa waridi za kuuzwa Ulaya. Si ajabu pia kuwaona akina mama wamekaa kivulini wakitunga shanga, mmoja wao akiwa mjamzito, mazungumzo yakienda sambamba na sindano.

Maua na shanga ndiyo mambo mawili yaliyotawala takriban miaka ishirini ya kwanza ya maisha ya Joy Adamson nchini Kenya. Wengi humkumbuka kwa jambo la tatu lililokuja baadaye, yaani simba jike aliyeitwa Elsa. Kitabu kuhusu simba huyo kilichapishwa mwaka 1960, filamu ikafuata mwaka 1966, na tangu hapo jina la mwanamke huyo halijatenganishwa na wanyamapori.

Lakini kabla ya Elsa palikuwa na brashi, na kabla ya brashi palikuwa na mimba iliyoharibika. Sehemu hiyo ya maisha yake haisimuliwi sana, pengine kwa sababu haina simba.

Joy alizaliwa Januari 20, 1910 katika mji wa Troppau, uliokuwa sehemu ya himaya ya Austria na Hungaria na ambao leo ni Opava katika Jamhuri ya Cheki. Wazazi walimwita Friederike Victoria Gessner. Babake, Victor Gessner, alikuwa msanifu majengo. Joy alikuwa mtoto wa pili kati ya mabinti watatu katika familia yenye mali na watumishi.

Mali haikuizuia nyumba hiyo kuvunjika. Wazazi walitengana Joy angali msichana mdogo, na malezi yake yakaangukia mikononi mwa nyanya yake. Waandishi wengi waliochunguza maisha yake wanaona kwamba kiu ya kupendwa, pamoja na ile hasira ya ghafla iliyowachosha waliofanya kazi naye ukubwani, vilianzia hapo. Huenda wana haki. Hata hivyo, watoto wengi huachwa na wazazi wasiwe kama Joy, na si kila jambo katika maisha ya mtu linaweza kubebeshwa utoto wake.

Akiwa kijana alikwenda Vienna kusomea muziki wa piano. Alikuwa na kipawa, ila mikono yake haikumruhusu kufikia kiwango cha wapigaji wa majukwaa makubwa. Baada ya ndoto hiyo kufifia aliranda kutoka fani moja hadi nyingine. Alijaribu ushonaji na uchongaji, kisha akaanza maandalizi ya kusomea udaktari. Hakuna alichokimaliza kwa namna iliyomridhisha.

Mwaka 1935 aliolewa na Viktor von Klarvill, Myahudi wa Austria aliyekuwa na uwezo mzuri wa kifedha. Akashika mimba, nayo ikaharibika.

Vienna ya wakati huo ilikuwa miongoni mwa miji iliyoongoza duniani kwa elimu ya tiba. Sigmund Freud, bingwa wa uchunguzi wa nafsi, alikuwa akiishi humo humo. Hata hivyo, mwanamke aliyepoteza mimba hakuwa na mengi ya kutarajia huko zaidi ya kitanda, supu na ushauri wa kubadilisha hewa. Huzuni yake haikuwa na jina. Hali haikuwa tofauti sana kwingineko, na katika jamii nyingi za Afrika Mashariki haijabadilika hadi leo. Mtoto aliyezaliwa akafariki hulilia watu. Mimba iliyotoka ikiwa changa mara nyingi haina matanga wala kaburi, na mama hutarajiwa kurudi jikoni au shambani baada ya siku chache kana kwamba alikuwa na homa tu.

Joy alishauriwa asafiri. Wakati huo Wanazi walikuwa wamekwisha kuitwaa Ujerumani na kivuli chao kikiielekea Austria, na mumewe alikuwa akitafuta nchi ya kuhamia. Hivyo mwaka 1937 Joy akapanda meli kuja Kenya peke yake, ayatazame mazingira huku akipata nafuu. Von Klarvill angemfuata baadaye.

Ndani ya meli hiyo alikutana na Peter Bally, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi. Kilichofuata hakikumfurahisha von Klarvill. Ndoa ya kwanza ilivunjika, na mwaka 1938 Joy akaolewa na Bally. Mume huyu wa pili ndiye aliyempachika jina la Joy, yaani furaha, kwa kuwa Friederike lilimshinda au halikumpendeza. Jina hilo alilivaa hadi kufa kwake, ijapokuwa wapo walioishi naye walioliona kama mzaha.

Mwaka huo huo wa 1938, Makumbusho ya Coryndon, ambayo leo ni Makumbusho ya Kitaifa ya Nairobi, yalituma ujumbe wa wataalamu kwenye vilima vya Chyulu. Vilima hivyo, ambavyo upande wake mmoja umo Kajiado na mwingine Makueni, viliumbwa na volkano katika siku za karibuni kwa hesabu za wanajiolojia. Mvua inyeshayo juu yake hupenya katika miamba myeusi yenye vinyweleo, ikapotea isionekane, kisha ikaibukia mbali kwenye chemchemi za Mzima. Juu kileleni kuna misitu yenye ukungu, na chini yake nyasi na maua ambayo wakati huo hayakuwa yamekusanywa kikamilifu na wanasayansi.

Bally alikwenda kukusanya mimea. Joy alikwenda kama mke wa mtaalamu, asiye na kazi maalumu kambini. Palikuwa na ndege wa kuchunwa ngozi, wadudu wa kuchomwa pini na mimea ya kukaushwa kati ya karatasi. Kazi hizo hazikumvutia. Ua likikaushwa hupoteza rangi na umbo, likawa kitu cha kahawia kilicholala bapa. Bally mwenyewe alikuwa na mkono wa kuchora mimea, na rangi zake zilikuwepo. Joy akaanza kuchora maua yakiwa bado mabichi.

Haikuwa sanaa ya kujifurahisha. Mchoro wa mimea wa kisayansi una masharti. Mchoraji anapaswa kuhesabu petali, kupima urefu wa jani, kuonyesha jinsi chavua zilivyokaa na mshipa unavyopita, na kulingana rangi na ua lenyewe wala si na kumbukumbu. Fauka ya hayo, ua lililochumwa halingoji. Katika joto la mchana hunyauka baada ya muda mfupi, hivyo mchoraji hulazimika kukaza macho kwa saa kadhaa pasipo kuruhusu fikira kwenda kwingine.

Yeyote aliyewahi kukaa na mtu mwenye huzuni atatambua mara moja faida ya kazi kama hiyo. Mkono una la kufanya na jicho lina la kutazama. Ikifika jioni, kuna kitu juu ya karatasi ambacho asubuhi hakikuwapo, na kwa mwanamke ambaye mwili wake umeshindwa kukamilisha kile ulichokianza, jambo hilo si dogo.

Ni sadfa ya kushangaza kwamba katika mwaka huo huo wa 1938, maelfu ya kilomita kutoka Chyulu, msanii Mwingereza aliyeitwa Adrian Hill alikuwa amelazwa katika hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu kusini mwa Uingereza. Kwa kuchoka kulala, Hill akaanza kuchora vitu vilivyokuwa karibu na kitanda chake. Aligundua kwamba alikuwa akipata nafuu ya moyo, na alipoombwa kuwafundisha wagonjwa wenzake aliona hali hiyo hiyo kwao. Mwaka 1942 ndiye aliyeipa njia hiyo jina la tiba ya sanaa, na kitabu chake juu yake kikachapishwa mwaka 1945. Joy hakuwa na habari naye. Alikuwa akiyafanya hayo hayo kambini, bila daktari na bila nadharia.

Kutoka Chyulu hakuitua brashi. Aliandamana na Bally katika safari nyingi za kukusanya mimea, na michoro ikaongezeka kutoka makumi hadi mamia. Ilitumiwa katika vitabu kadhaa, kikiwemo kile cha kilimo cha bustani katika Afrika Mashariki kilichohaririwa na Jex-Blake. Mwaka 1947 Chama cha Kifalme cha Kilimo cha Bustani cha Uingereza kilimtunuku nishani ya dhahabu ya Grenfell kwa michoro hiyo. Mwanamke aliyekuja nchini kutafuta hewa safi alikuwa, ndani ya miaka kumi, miongoni mwa wachoraji mahiri wa mimea ya Afrika.

Je, alikuwa amepona? Hapa ndipo habari ya Joy inapokuwa ngumu kuliko simulizi za kawaida za mtu aliyeokolewa na sanaa.

Ndoa yake na Bally haikudumu. Katika msimu wa Krismasi mwaka 1942, huko Garissa, alikutana na George Adamson, bwana nyama wa wilaya za kaskazini, kama maafisa wa wanyamapori walivyoitwa siku hizo. Januari 1944 wakafunga ndoa jijini Nairobi. George alikuwa mtu wa maneno machache, aliyeridhika na kiko chake, hema lake na nyika. Joy alihitaji kusikilizwa. Wawili hao walipendana kwa namna yao, wakagombana kwa namna iliyojulikana na kila mtu Isiolo, na kwa miaka mingi ya mwisho waliishi katika kambi tofauti.

Katika ndoa zote tatu Joy hakuwahi kubeba mimba hadi kujifungua. Jambo hili halikufichwa na waandishi wa maisha yake, ila kwa kawaida hupewa sentensi moja au mbili kabla ya msomaji kupelekwa kwa simba. Mwanamke wa leo aliyepitia hali hiyo atajua kwamba sentensi moja haitoshi. Kila mimba mpya huja na hofu ya ile iliyotangulia, na hofu hiyo huanza kabla tumbo halijaonekana.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea, karibu wajawazito 16 kati ya kila 100 na akina mama 20 kati ya kila 100 waliojifungua huwa na matatizo ya afya ya akili, hasa huzuni kuu isiyoondoka. Hao ni wanawake wa wakati huu, wenye kliniki na kadi. Kwa mwanamke wa miaka ya arobaini aliyeishi kambini, siku kadhaa kwa lori kutoka kwa daktari wa karibu, hapakuwa na hata mtu wa kumhesabu.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba msaada aliouhitaji ulikuwa ukitolewa karibu naye, kwa lugha asiyoijua. Miongoni mwa Wamaasai, mjamzito haachwi peke yake. Mkunga wa jadi, enkaitoyoni kwa Kimaa, humfuatilia, wanawake wazee humwelekeza la kula na la kuacha, na mtoto anapozaliwa akina mama hukusanyika kumshangilia kwa nyimbo. Kwa wale ambao hawajajaliwa, au waliopoteza, kuna jambo kubwa zaidi. Tangu jadi wanawake wa Kimaasai wamekuwa wakifanya matambiko yao ya kuomba uzazi, wakitoka kwa makundi, wakiimba na kumlilia Enkai, na kwenda kwa wazee kudai baraka. Katika siku hizo wanaume huwa hawana kauli juu yao. Aidha, mwanamke asiyejaliwa mtoto anaweza kupewa wa kulea na mke mwenza au jamaa, akawa mama yake mbele ya watu wote.

Mfumo huo una kasoro zake, na si haki kuupamba. Desturi ya kumpunguzia mjamzito chakula katika miezi ya mwisho, ili mtoto asiwe mkubwa na kumletea mama taabu wakati wa kujifungua, imekuwa ikipingwa na wahudumu wa afya kwa kuwa huchangia upungufu wa damu. Ukeketaji nao umewafanya wanawake wengi wa Kajiado wapate madhara makubwa wakati wa uzazi. Na mwanamke tasa, licha ya nyimbo zote, hakukosa kusimangwa. Lakini kuhusu huzuni yenyewe, jamii hiyo ilikuwa na mahali pa kuiweka. Ilikuwa na wimbo wake, siku yake na watu wa kuiimba pamoja na mwenye nayo.

Joy aliwakaribia sana watu hao. Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora picha za watu wa jamii mbalimbali za Kenya wakiwa katika mavazi na mapambo yao ya asili, kabla desturi hizo hazijapotea. Kwa takriban miaka sita alizunguka nchi kwa gari lililojaa rangi, karatasi na hema, kuanzia pwani hadi ziwani, kaskazini hadi kwa Wamaasai. Alikamilisha zaidi ya picha 500. Nyingi zilihifadhiwa katika makumbusho jijini Nairobi na nyingine zikatundikwa Ikulu. Mwaka 1967 alichapisha kitabu kikubwa kuhusu watu wa Kenya, chenye picha hizo.

Anayezitazama picha za Wamaasai ataona kwamba mchoraji wa maua hakuwa ametoweka. Shanga zimehesabiwa kama petali. Ushanga mwekundu haukuwekwa mahali pa buluu, wala pete ya sikio haikupunguzwa ukubwa ili uso upendeze. Pambo la mwanamke wa Kimaasai si urembo tu, kwa maana hueleza kama ameolewa na watoto wake wamefikia hatua gani ya maisha. Joy alijifunza kusoma alama hizo, na kwa saa nyingi alikaa ana kwa ana na wanawake ambao shingo zao zilikuwa zikieleza uzazi wao.

Lawama dhidi ya kazi hiyo zipo na zina uzito. Ilifadhiliwa na utawala uliokuwa ukiwanyang'anya watu hao ardhi, na sehemu yake ilifanyika wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, huku maelfu ya Wakenya wakiwa vizuizini. Joy hakuwa mtu wa kuyauliza maswali hayo. Aliwaona aliowachora kama hazina inayotoweka, mtazamo ambao humsahau binadamu anayeendelea kuishi, kuzaa na kubadilika. Hata hivyo, leo watafiti na hata wazawa wa jamii hizo huzirejea picha zake kutafuta mapambo yasiyoonekana tena.

Jambo moja halikutokea katika miaka hiyo sita. Joy alikaa na akina mama hao lakini brashi ilikuwa katikati. Yeye ndiye aliyetazama na wao ndio waliotazamwa. Hakuketi nao kutunga shanga.

Tofauti hiyo imekuja kueleweka vizuri zaidi na watafiti wa miaka ya karibuni. Novemba 2019, Shirika la Afya Duniani lilichapisha ripoti iliyopitia zaidi ya tafiti 3,000 kuhusu sanaa na afya, na kukubali kwamba uimbaji, uchoraji, ngoma na kazi za mikono husaidia kuzuia na kutuliza maradhi ya mwili na ya akili. Mapema mwaka 2018 watafiti nchini Uingereza walitangaza matokeo ya jaribio lililowashirikisha akina mama 134 wenye huzuni baada ya kujifungua. Wale wenye hali mbaya zaidi waliojiunga na madarasa ya kuimba pamoja na watoto wao walipata nafuu upesi kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Nchini Gambia habari hiyo haikuwa mpya. Huko kuna vikundi vya wanawake viitwavyo kanyeleng, ambavyo wanachama wake ni wale waliokosa watoto au waliofiwa na watoto mfululizo. Huimba, hucheza na kufanya mizaha hadharani, na jamii huwaheshimu kwa kazi hiyo. Watafiti wa muziki na afya walipoanza kutafuta njia ya kuwasaidia wajawazito wenye wasiwasi nchini humo, vikundi hivyo ndivyo walivyoviendea, vikawaongoza wajawazito katika vipindi vya kuimba. Waliokwisha kufikwa na msiba wakawa ndio wanaowaimbia wanaouogopa.

Joy Adamson hakuwa na kanyeleng. Alikuwa na kipaji kikubwa na upweke mkubwa, na cha kwanza hakikukifuta cha pili.

Februari 1, 1956, George alimuua simba jike aliyemrukia, kisha akagundua kwamba alikuwa akiwalinda wanawe watatu wachanga. Aliwachukua hadi nyumbani. Wawili walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi, na yule mdogo kuliko wote, Elsa, akabaki. Joy alikuwa na umri wa miaka 46. Wengi wamesema kwamba simba huyo alikuwa mtoto ambaye hakumpata. Ni rahisi kusema hivyo, na Joy mwenyewe aliwapa watu sababu. Lakini kinachogusa zaidi kimo katika kitabu chake cha pili, ambacho hakikusomwa sana kama kile cha kwanza.

Baada ya Elsa kufundishwa kuwinda na kuachiliwa porini Meru, alipata dume na kushika mimba mwaka 1959. Joy na George walipiga kambi karibu naye. Joy alihesabu siku. Alimtazama anavyotembea kwa uzito, akahangaika alipokosa kuonekana, akahakikisha kuna nyama asije akalazimika kuwinda akiwa katika hali hiyo. Mjamzito huyo wa miguu minne alipewa uangalizi wa karibu kuliko ule ambao Joy mwenyewe alikuwa amewahi kuupata. Elsa alizaa mwezi Desemba, akiwa peke yake vichakani kama ilivyo kawaida ya simba. Wiki kadhaa baadaye aliwaleta wanawe watatu kambini.

Elsa alikufa Januari 1961 kwa maradhi yaenezwayo na kupe. Wakati huo kitabu cha kwanza kilikuwa kimekwisha kumpa Joy umaarufu wa dunia nzima. Mapato yake makubwa aliyaelekeza katika uhifadhi wa wanyamapori. Alimlea pia duma aliyeitwa Pippa, na baadaye chui aliyeitwa Penny. Nyumba yake kando ya Ziwa Naivasha, Elsamere, iligeuzwa kuwa kituo cha kumbukumbu na elimu ya mazingira, na wageni huendelea kuitembelea.

Katika miaka hiyo ya sifa alichora kidogo kuliko zamani. Ajali ya gari ilimwumiza vibaya mkono wa kulia, jambo lililomtesa kwa kuwa mkono huo ulikuwa umembeba katika nyakati ambazo watu hawakumbeba. Piano nayo ikawa ngumu. Waliomfahamu wakati huo wanamweleza kama mtu wa safari ndefu, barua nyingi na subira fupi, mkarimu kwa mashirika na mkali kwa waajiriwa.

Usiku wa Januari 3, 1980 aliuawa karibu na kambi yake katika hifadhi ya Shaba, wilayani Isiolo, wiki mbili na ushei kabla ya kutimiza miaka 70. Habari za mwanzo zilieleza kwamba alishambuliwa na simba. Uchunguzi ulionyesha kwamba majeraha yalitokana na silaha yenye ncha, na kijana aliyewahi kumfanyia kazi alishtakiwa na kupatikana na hatia. George aliuawa na majangili huko Kora mnamo Agosti 1989.

Mwili wa Joy ulichomwa, na majivu yake yakapelekwa Meru na kuwekwa kwenye makaburi ya Elsa na Pippa. Maua ya Chyulu, yaliyochorwa wakati hakuna aliyemjua, yalibaki kwenye karatasi zake.